Moshi: timu ya chuo inafungwa kila mwaka na vijana wamejaa Pasua na Njoro. Tuwafuate nyumbani kwao

#1 Mleta uzi

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu, mnivumilie, maana jambo hili limenikaa rohoni tangu tuliporudi kutoka mashindano ya vyuo.

Mimi ni mkufunzi kwenye chuo kimoja cha kati hapa Moshi, na jioni nasaidia kufundisha timu ya mpira wa miguu ya wanachuo. Jina la chuo naliacha. Wenzetu wa vyuo vikuu wana mashindano ya TUSA, sisi wengine tuna ya SHIMIVUTA, na anayefuatilia anajua kuna vyuo vinakwenda kushindana na kuna vyuo vinakwenda kujaza kundi. Sisi tumejaza kundi miaka minne mfululizo. Mara ya mwisho tuliondoka na wachezaji 13 kwenye Coaster, wawili kati yao wagonjwa wa enka. Golini alikaa kijana wa kikapu kwa sababu kipa hatukuwa naye. Mechi tatu, tumefungwa 11, tumepata moja la penalti. Mechi ya mwisho nilimwona nahodha wetu amesimama katikati ya uwanja, mikono kiunoni, wapinzani wanashangilia goli la tano, na hakumwambia mwenzake hata neno moja. Ni kijana anayejituma kuliko wote. Iliniuma kwa ajili yake kuliko kwa ajili ya kikombe.

Timu yetu tunaiunda kwa bahati, hapo ndipo penye tatizo. Wanafunzi wapya wakishasajiliwa tunabandika karatasi ubaoni karibu na kantini: anayecheza mpira afike uwanjani saa kumi. Atakayefika ndiye mchezaji. Mwaka wakija sita wazuri tunamshukuru Mungu, mwaka wakija wawili ndiyo hivyo tena. Hakuna aliyewahi kutoka getini kwenda kumtafuta mchezaji kabla hajawa mwanafunzi.

Njia nyingine iliyowahi kutumika kwetu ni mamluki, na nitaisema wazi. Kabla sijaanza kusaidia timu, waliletwa vijana watatu wa mtaani wakapewa vitambulisho vya wanafunzi wengine. Mmoja alipoulizwa anasoma kozi gani na yuko mwaka wa ngapi, akanyamaza. Tulinyang'anywa pointi, na wanafunzi halali waliokuwa wamehangaika kufanya mazoezi kutwa wakarudi nyumbani na aibu isiyo yao. Kinachonisumbua zaidi ni wale watatu. Walikuwa wachezaji wazuri kweli. Chuo kilitaka miguu yao kwa wiki moja, kisha kikawashusha stendi. Kwa nini hakuna aliyewauliza kama wangependa kusoma?

Jumapili moja baada ya ibada nilipita Pasua, nikakuta mechi ya mchangani. Upande wa goli la chini hauna nyasi, ni vumbi tupu, na mpira ulikuwa umeshavuka umri wake. Winga wa kushoto amevaa njumu, ya kulia imeshonwa kisigino chote kwa ule uzi mweupe wa mafundi viatu. Nilisimama nikamwangalia nusu saa. Spidi anayo, lakini spidi wanayo wengi. Kilichonishika ni shingo yake. Kabla mpira haujamfikia alikuwa ameshageuka mara mbili kuangalia nani yuko wapi, na ukimfikia tayari anajua anaupeleka wapi. Mimi hilo jambo nimelifundisha miaka minne na wachezaji wangu wawili tu ndio wameliweza.

Mechi ilipoisha nikamfuata. Nikamuuliza umemaliza kidato cha nne?

"Nimemaliza mwalimu, ila nilifeli."

Ulipata ngapi? Akasema hajui, aliambiwa tu "foo". Nikafungua matokeo ya NECTA kwenye simu, akanitajia shule na namba yake ya mtihani. Daraja la nne, pointi 30. Kiswahili C, Uraia D, Historia D, Jiografia D, yaliyobaki F.

Wakuu, hapo nilikaa chini. Kozi nyingi za astashahada, zile zisizodai masomo ya sayansi, zinahitaji ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini. D ni ufaulu. Kijana ana nne kamili! Alikuwa na haki ya kukaa darasani kwangu tangu siku matokeo yalipotoka, na mwaka mzima amekuwa akibeba magunia sokoni Mbuyuni akijua yeye ni mtu aliyefeli.

Wiki iliyofuata nikaenda kwa mama yake, hapo hapo Mbuyuni, ana meza ya nyanya na vitunguu. Nilikuwa nimejiandaa kueleza habari za kozi. Hakuniuliza kozi. Alinikaribisha kwenye kreti, akaendelea kupanga mafungu yake, kisha akauliza, "Mwalimu, akivunjika mguu, nani anamtibu?" Nikamweleza kwamba kwetu bima ya afya inalipwa wakati wa usajili pamoja na ada. Akanyamaza kidogo. "Na mkishamwona mpira haufai, mtamrudisha nyumbani?"

Swali hilo sikuwa na jibu lake. Nilimwomba anipe siku mbili. Nikaenda ofisi ya udahili, nikaenda kwa mlezi wa wanafunzi, nikauliza vile vile alivyouliza yeye. Jibu nililorudi nalo ndilo nataka tulijadili hapa: kijana anadahiliwa kwa cheti chake, anaandikwa kama mwanafunzi mwingine yeyote, na hata asipogusa mpira tena maisha yake yote, kiti chake darasani kipo. Mpira ni sababu ya sisi kwenda kumfuata. Hauwezi kuwa sharti la yeye kubaki.

Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka huu yameshatoka na udahili wa Machi uko mlangoni. Nataka tuzunguke Pasua, Njoro, Majengo, Kiboriloni, Soweto, tupande mpaka Kibosho na Uru, tuwaone vijana wakicheza, kisha tukae na wazazi wao. Mwenye uzoefu, mwenye kupinga, mwenye kijana, karibuni.

#2 Mchangiaji, Dar

Naunga mkono hoja, na nimesoma nikiwa na uchungu. Mimi ni wa Majengo hapo hapo. Nilicheza UMISSETA nikafika kambi ya mkoa, namba sita. Nilipomaliza form four hakuna mtu yeyote aliyekuja nyumbani, si klabu, si chuo. Nina D tano. Nilipanda basi kuja Dar kutafuta timu, nikaishia kuuza simu Kariakoo. Maisha yanaenda, sina ninachomlalamikia mtu, lakini chuo kilikuwa dakika ishirini kwa mguu kutoka kwetu na sikujua kama mtu kama mimi anaingia pale.

#3 Mchangiaji, Moshi Mjini

Mleta uzi nakuheshimu ila tuwe wakweli. Kaskazini siyo kanda ya mpira. Kijana wa hapa akipata akili anawaza duka, utalii, mlima. Ukitaka wachezaji nenda Mwanza, Kigoma, Tabora, Mtwara. Angalia timu zetu za Ligi Kuu. Oljoro JKT pale Sheikh Amri Abeid, Arusha, walipanda 2011, msimu wa 2013/14 wakashuka. Polisi Tanzania hapa Ushirika waliingia msimu wa 2019/20, 2023 wakashuka. Pesa ya kuzunguka Pasua ni bora mkawalipie nauli vijana watano kutoka Kanda ya Ziwa.

#4 Mleta uzi

Mkuu #3, asante kwa kusema wazi. Lakini mifano uliyotoa inanisaidia mimi. Oljoro ilikuwa timu ya JKT, Polisi ni ya polisi. Zote ni timu za majeshi. Nilikwenda Ushirika misimu yote ile minne, nililipa kiingilio changu, na nilifurahi sana Simba na Yanga kuja kucheza mjini kwetu. Ila timu ile iliposhuka, Pasua haikupungukiwa mchezaji wala haikuongezewa. Haikuwa imepandwa hapa. Huwezi kusema shamba halizai wakati hujawahi kutia mbegu.

Hilo la nauli nalo tulitazame kwa mahesabu. Kijana kutoka Kigoma anahitaji ada, hosteli, chakula, nauli ya likizo. Akiugua hana shangazi hapa. Kijana wa Njoro analala kwao, anakula kwao, anakuja kwa mguu. Kinachobaki ni ada, na ada tunailipisha kwa awamu. Sisemi wa mbali wasije, nahodha wangu mwenyewe ni wa Bukombe. Nasema wa mbali anakuja mwenyewe akitaka, na huyu wa karibu tumemwacha.

Na kuhusu pumzi, nenda Kibosho Jumamosi ukaone vijana wanaocheza kwenye uwanja wenye mteremko, wakimaliza wanapanda kwenda kukata majani ya ng'ombe. Kipindi cha pili hawaishiwi pumzi.

#5 Mchangiaji, Njiro, Arusha

Mwalimu hongera. Mimi ni dada yenu wa netiboli, nasaidia timu ya wasichana kwenye chuo kimoja huku Arusha. Tulianza kufuata mabinti wa hapa hapa, Kijenge, Sakina, Ngaramtoni, na naomba niseme tulipokosea ili nyie msirudie.

Kwanza tuliwafuata mabinti tukawasahau wazazi. Binti anakubali, baba anakataa, imeisha. Kwa mabinti ni lazima uende na mwanamke, na uende mchana. Pili, tuliweka mazoezi saa kumi na mbili jioni. Binti wa Ngaramtoni afike kwao saa ngapi? Tukahamishia saa kumi alasiri na siku mbili alfajiri, wakaanza kufika. Tatu, na hili mtaliona dogo, ni chai. Anayekaa nyumbani anatoka asubuhi bila kula, anasoma mpaka mchana, anafika mazoezini tumbo tupu. Tukachangishana wakufunzi, chai na maandazi mawili baada ya mazoezi. Mahudhurio hayakuyumba tena.

Na Mwalimu, mabinti wa Moshi nao wanacheza mpira wa miguu. Uzi wako wote ni vijana wa kiume.

#6 Mleta uzi

Dada #5, la mabinti nimelipokea na umenigusa penyewe, hatuna hata timu ya wanawake. La chai nimelinakili kwenye daftari la timu.

#7 Mchangiaji, Marekani

Ndugu zangu, mimi ni mzaliwa wa Marangu, nipo huku mwaka wa tisa. Nachangia kidogo kwa sababu huku jambo hili ni kazi ya watu. Mpira wenyewe ni ule wao wa kukimbia na mpira mkononi, ila namna ya kutafuta wachezaji inafanana na anayosema mleta uzi. Kocha wa chuo anakwenda sekondari, anakaa na mwalimu wa michezo, kisha anakwenda nyumbani kwa kijana, anakaa sebuleni na mama yake.

Watu wa nyumbani wanadhani yote yanawezekana kwa sababu ya pesa. Vyuo vya Division I, yaani daraja la juu la michezo ya vyuo huku, vinaweza kumlipia mchezaji ada, malazi na chakula, ni kweli. Lakini vyuo vya Division III haviruhusiwi kutoa ufadhili wa michezo hata senti moja, na vile vya Ivy League, akina Harvard, navyo havitoi. Bado wanapata wachezaji kila mwaka. Kocha wa hivyo vyuo anamweleza mzazi kozi, anamsaidia kijana kujaza fomu za misaada ya masomo ambayo mwanafunzi yeyote anaruhusiwa kuomba, na anarudi tena na tena. Nina jirani yangu hapa, mtoto wake alifuatwa na vyuo vitatu. Alichagua kile ambacho kocha wake alikuja kwenye mechi mvua inanyesha, akakaa mpaka mwisho.

#8 Mchangiaji, Machame

Shikamooni wakubwa. Mimi ni mgumu, nabeba mizigo mlimani. Form four 2019, nina D nne na moja ni ya Bible Knowledge. Nacheza beki namba tano. Mwalimu, umri wangu umeenda, na nikipanda njia ya Machame napotea siku sita au saba. Je, kwangu kuna mlango?

#9 Mleta uzi

Marahaba mdogo wangu, na karibu sana. Nakujibu kwa kirefu kwa sababu najua wengi wenye hali kama yako wanasoma kimya.

Cheti cha kidato cha nne hakiozi. Cha 2019 kinakubalika kama cha mwaka huu. Kikwazo chako ni ile ya dini, haihesabiwi, kwa hiyo una tatu na unahitaji moja zaidi. Unajisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea, usajili wake unafanyika miezi ya mwanzo ya mwaka kama sasa, mtihani ni Novemba. Chagua masomo mawili uliyoyakosa kidogo, usirudie yote. Kuna wakufunzi wawili chuoni wamekubali kukaa na vijana wa aina yako jioni za Jumanne na Alhamisi, bila malipo. Nimewaomba mwenyewe na wamekubali kwa moyo.

Kuhusu mlima, sikudanganyi. Wageni wanajaa Januari na Februari, halafu kuanzia Juni mpaka Oktoba. Huwezi kubeba kilo 20 siku saba, ushuke Jumatano, Alhamisi ufanye mtihani wa darasani. Lakini masika, Machi hadi Mei, mlimani kazi inapungua sana, na udahili wa Machi unaangukia hapo hapo. Ukishaipata hiyo D ya nne, ingia Machi, soma muhula huo kwa utulivu, likizo panda mlima ukatafute ada. Wapo wanafunzi wangu wanaoishi hivyo.

Umri usikutishe. Beki namba tano aliyekomaa ndiye tuliyemkosa siku tunafungwa tano.

#10 Mchangiaji, Himo

Swali fupi kwa mwalimu. Mkopo je? Nasikia sasa hata diploma wanapata.

#11 Mleta uzi

Mikopo ya HESLB (Bodi ya Mikopo) kwa stashahada, yaani diploma, ilianza mwaka wa masomo 2023/24, na ni kwa fani za kipaumbele tu. Anayeanza astashahada asiihesabu. Nawasihi wote mtakaotusaidia kuzunguka: msimwahidi mzazi mkopo ili akubali haraka. Mwambieni ada ni kiasi gani, awamu ni ngapi, tarehe zake ni zipi, na mwacheni afikirie. Mzazi akigundua umemficha kitu kimoja, mtaa mzima umefungwa.

#12 Mleta uzi

Mrejesho, wakuu, baada ya wiki tatu.

Tumezunguka Jumamosi tatu, mimi na nahodha wangu na mwalimu mmoja wa michezo wa sekondari ya jirani. Nahodha ndiye anayeongea vizuri kuliko sisi wote, kijana wa Bukombe anawaelewesha vijana wa Moshi kuhusu chuo kilicho mtaani kwao. Tumeongea na vijana 17. Tisa wana ufaulu wa masomo manne, na kati ya hao sita walikuwa wanaamini wamefeli. Wanne tumewaandikisha kama watahiniwa wa kujitegemea, yule wa Machame #8 akiwa mmojawapo, alishuka mlimani Jumatatu akaja na begi lake moja kwa moja. Wanne waliobaki walisema chuo hawakitaki, wana shughuli zao, tukawashukuru na tukacheza nao mechi vile vile.

Kuna kosa nililolifanya Njoro. Nilimsifia kijana mmoja mbele ya wenzake, nikasema huyu lazima aje kwetu. Kumbe kocha wake wa mtaani alikuwa amesimama nyuma yangu, mzee wa watu aliyemlea tangu ana miaka tisa, anayenunua mipira kwa pesa ya kushona nguo. Aliondoka bila kuniaga. Jumatatu nilikwenda kwenye cherehani yake kumwomba radhi. Tulikaa mpaka magharibi. Tumekubaliana kijana akiwa chuoni ataendelea kuichezea timu yake ya mtaa kwenye ligi ya wilaya, na yeye mzee atakuja kukaa kwenye benchi letu la ufundi siku za mashindano. Ilibidi nianzie kwake. Nyie mkianza kwenu, anzieni kwa watu kama yeye.

Dada #5, mabinti 14 walifika uwanjani Jumatano. Tumempata mkufunzi wa kike wa kuwasimamia. Bado hatuna jezi zao, wamevaa bibu za mazoezi.

Kuhusu winga wa Pasua. Nilimpelekea mama yake karatasi yenye muhuri wa chuo, ina ile ahadi kwamba kijana anabaki mwanafunzi hata akiacha mpira. Aliniomba nimsomee. Nikasoma pale mezani, wateja wanapita. Nilipofika kwenye mstari huo akaniinulia mkono, akampigia simu baba mkubwa wa kijana kule Kirua, akaweka spika, akasema, "Rudia hapo, mwalimu." Nikarudia. Baba mkubwa akauliza maswali yake mawili, la ada na la nani atamlinda kijana na ulevi. Nikajibu. Kukawa kimya kwenye simu muda mrefu, kisha akasema wikiendi atashuka mwenyewe aje akione hicho chuo.

Alishuka. Tulizunguka naye madarasa, maktaba, mpaka jikoni. Kijana ameanza Jumatatu, astashahada ya maendeleo ya jamii. Mazoezini amekuja na njumu zile zile.

Jumamosi hii tuko Kiboriloni saa kumi jioni, Jumamosi ijayo Kibosho. Kipa bado hatujampata. Mwenye kumjua kipa aliyemaliza kidato cha nne, hata kama anadhani alifeli, aje naye, na aje na namba yake ya mtihani.